Meneja wa Mke Wangu

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Albamu imekamilika. Nyimbo tisa. Ya kwanza kwa mke wangu Atuganile kama mwimbaji, ya kwanza kwangu mimi kama meneja. Kadi nimeshachapisha: "Asajile, Meneja wa Kimataifa." Kimataifa kwa sababu mpakani Kasumulu nimefika, nikaiona Malawi ng'ambo ya mto. Inatosha kuanzia.

Ni muziki wa soul. Hapa kijijini kwetu Masoko wananiuliza ndio muziki gani huo. Nawaeleza: ni kuimba taratibu kama mtu aliyefiwa, ila katikati ya msiba anakumbuka kwamba bado anapenda. Sijui maneno hayo nimeyatoa wapi. Mazuri. Ningeyaweka kwenye kadi kama ningeyapata mapema.

Amerekodi Tukuyu kwa Hasheem, chumba cha nyuma cha duka la vitambaa la baba yake. Majora ya vitambaa yanazuia mwangwi. Hasheem haongei sana. Simpendi. Mtu asiyeongea anaonekana ana akili bila kutoka jasho.

Uzinduzi ni tarehe 16, ukumbini Tukuyu. Kikwazo kimoja tu: Baba. Kwa desturi yetu, mke hakutani uso kwa uso na baba mkwe wake. Akimwona njiani anachepuka migombani. Hamtazami, hamsemeshi. Siku hizi wengi wameacha, lakini Baba ni mtu wa zamani, na Atuganile kalelewa na bibi yake kule Lupepo, ambako ndiko zamani yenyewe ilikobaki. Nyumba yetu na ya Baba zinatenganishwa na migomba tu, na hawajawahi kuonana sawasawa tangu nimwoe.

Sasa Atuganile kasema hapandi jukwaani bila ruhusa ya mzee. Mwezi uliopita nikaenda kuiomba. Si moja kwa moja, mimi si mshamba. Nilimuuliza Baba kwa akili, kwa mfano wa rafiki yangu ambaye mke wake anaimba. Baba akauliza huyo mke yukoje. Nikanogesha kidogo: anaimba baa, anarudi alfajiri, watoto wanashinda njaa. Baba akasema huyo arudishwe kwao.

Ndilo jibu nililompelekea Atuganile. Alikaa jikoni akamenya ndizi za kulisha harusi nzima, na sisi tuko watatu pamoja na mtoto. Wiki ile hakuimba hata mstari.

Hasheem anashauri nikamuulize mzee waziwazi. Nilicheka. Ndiyo maana yeye ni fundi mitambo na mimi ni meneja.

Jumatano, 6 Agosti

Mpango umeiva! Nimemwambia Baba kuna kwaya ya akina mama itaimba ukumbini Tukuyu kuchangia bati za kanisa, na Atuganile yumo. Baba ni mzee wa kanisa. Uso ukamng'aa. Akasema vizuri sana, aimbe. Ruhusa hiyo, kabla hata sijakalia kigoda.

Kisha akauliza wataimba wimbo namba ngapi kitabuni. Nikataja namba iliyonijia mdomoni. Akafungua kitabu. Ni wimbo wa ubatizo wa watoto. Akauliza unahusianaje na bati. Nikasema bati jipya nalo ni kama mtoto mchanga. Alinitazama muda mrefu. Akasema basi atakuja kusikiliza mwenyewe, na atawaalika wazee wenzake watatu.

Nikaaga. Nilipofika zizini ndipo akili ikanifikia. Mkwe hawezi kusimama mbele ya baba mkwe wake akamwimbia. Nimepata ruhusa na nimeiua kwa mdomo uleule. Nililazimika kumwegemea ng'ombe.

Ijumaa, 8 Agosti

Nanenane. Nusu ya Masoko wamekwenda Mbeya kutazama ng'ombe wa watu. Mimi nimebaki na siri zangu.

Nimemwambia Atuganile mzee karuhusu. Alilia. Kisha akacheka, akanipa jogoo nichinje, tena jogoo aliyekuwa anamtunzia mgeni. Wakati wa kula akaniwekea firigisi. "Baba Winfrida," akasema, "leo umenifanyia jambo kubwa." Sikumwambia kwamba Baba anadhani ni kwaya. Wala sikumwambia kwamba Baba anakuja. Nilikusudia kusema baada ya firigisi. Firigisi ilikwama kooni, lakini ilipita.

Jioni akaimba jikoni. Wimbo wa sita, ule wa mama anayengoja ukungu uondoke ili amwone mwanawe akipanda kilima. Mimi sijui noti hata moja, lakini nilitoka nje nikajifanya natafuta panga ili nisionekane macho yangu. Mke wangu anaimba jamani. Sisemi hivi kwa sababu ya kadi.

Nyuma ya jiko nikakuta kandambili za Baba chini ya mgomba, zimepangwa vizuri, mwenyewe hayupo. Uzee huo! Mtu anasahau viatu. Nikamrudishia nyumbani kwake, nikaziacha mlangoni.

Jumatatu, 11 Agosti

Mpango wa pili: Baba asije. Nimemwambia ukungu wa Tukuyu ni mbaya kwa kifua. Akasema amezaliwa humo. Nimemwambia viti vya ukumbi ni vigumu. Akasema atabeba mto. Mwisho nikamwambia ng'ombe wetu atazaa siku hiyohiyo. Baba akaniuliza kwa upole kama najua ng'ombe anabeba mimba muda gani. Sijui. Akasema atazaa Septemba.

Kisha akanipa dumu la maziwa niwapelekee "wale akina mama wanaofanya mazoezi". Nimelipeleka kwa Hasheem. Akauliza maziwa yametoka wapi, nikamweleza yote. Akaweka kikombe chini. Akasema mwambie mzee ukweli, na mwambie mkeo ukweli. Kijana huyu ana ushauri mmoja tu maisha yake yote.

Jumatano, 13 Agosti

Bango limetoka. Picha ya Atuganile, jina la Atuganile, jina la ukumbi. Meneja hayupo. Nimemuuliza Hasheem. Akataka kujua kazi ya meneja ni ipi hasa. Nikamwambia kufikiri. Akasema hakupata picha ya hilo.

Nimepita na kalamu kubwa ya wino nikijiandika mwenyewe. Mabango ya stendi yametoka vizuri. Nilipofika sokoni wino ukaisha katikati ya jina. Kwa hiyo stendi mimi ni Asajile, na sokoni mimi ni Asa.

Mpango wa tatu, na huu hauna dosari: nguzo. Ukumbini kuna nguzo nene. Nimepima kwa kamba. Anayekaa nyuma yake haoni jukwaa, na aliye jukwaani hamwoni. Nimepanga viti vinne hapo, nikavibandika karatasi: WAHESHIMIWA. Hakuna mzee wa Kinyakyusa anayekataa kuheshimiwa.

Jumapili, 17 Agosti

Jana sikuweza kushika kalamu. Naandika leo baada ya ibada, nikiwa nimekaa zizini kwa sababu ya hali ya hewa iliyoko nyumbani.

Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Baba alifika mapema. Suti ya kahawia aliyovaa kwenye harusi yangu, mto kwapani, wazee watatu nyuma yake. Nikamwonyesha viti vya waheshimiwa. Akakaa. Akaitazama nguzo. Akaniuliza kama nguzo ndiyo itakayoimba. Kisha akainuka na kiti chake, wenzake wakabeba vyao, wakaenda kukaa mbele kabisa, katikati.

Nikakimbilia nyuma ya jukwaa. Nimechelewa. Atuganile alikuwa ameshachungulia pazia, akamwona. Kajifunika khanga kichwa kizima. Hakunifokea.

"Baba Winfrida," alisema, "umemkalisha mzee mbele yangu."

Nikaanza kueleza habari za nguzo. Akasema haimbi. Hawezi kumvunjia mzee heshima mbele ya watu, albamu na ikae. Akaanza kufungasha. Viatu vyake vipya vya jukwaani vikaingia kwenye mkoba, kimoja kimoja, polepole, kama mtu anayekunja nguo za marehemu. Nimeona mipango yangu mingi ikifa: sungura, bata mzinga, ile mashine ya kukausha ndizi. Hii ilikuwa mara ya kwanza kuona mpango wangu ukimuua mtu mwingine. Nilijichukia, kusema kweli.

Nje watu walianza kupiga makofi ya kudai. Jukwaa tupu. Nikaona bora nitoke mimi, niombe radhi, nirushiwe maganda. Nikashika maiki. Nikafungua mdomo. Palepale ikatoka sauti ya Atuganile.

Baadaye ndipo nikajua. Hasheem alimpenyezea maiki ya pili nyuma ya pazia, bila kusema neno, na Atuganile akaona kwamba akiwa hapo haonekani na mtu, kwa hiyo desturi haijavunjwa. Lakini watu wa Tukuyu hawakuyajua hayo. Wao waliona mwanaume mwenye kitambi kafungua mdomo na mwanamke anaimba ndani yake. Niliogopa kuufunga. Nikauacha wazi ubeti mzima.

Ndipo Baba akasimama.

Atuganile akanyamaza. Ukumbi wote ukanyamaza. Baba akalitazama pazia. Akashika kiti chake, akakigeuza, akakaa akiwa ameligeuzia jukwaa mgongo. Wale wazee watatu wakatazamana, wakageuza vyao. Wazee wanne, suti mwilini, kofia mkononi, wakiwatazama watu waliolipa kiingilio.

"Mwambieni mkwe wangu atoke," Baba alisema. "Mimi simtazami."

Pazia likafunguka. Atuganile akatoka peku, maana viatu vilikuwa mkobani. Akaimba zote tisa. Ulipofika wimbo wa sita Baba alilia. Na kwa kuwa alikuwa amewageukia watu, hakuwa na pa kujificha. Ukumbi mzima ulimwona, isipokuwa mwimbaji. Hakujifuta.

Mimi nilikuwa bado jukwaani na maiki yangu. Hasheem alikuja kunishika mkono akaniondoa.

Leo asubuhi Baba kaniita. Nikakiri kabla hajauliza: si kwaya, na hakuna bati. Akasema anajua.

"Tangu umwoe nimekuwa navua kandambili nyuma ya jiko lenu," alisema. "Akisikia hatua zangu ananyamaza. Kwa hiyo navua, nasimama migombani, namsikiliza." Akakohoa. "Ile Nanenane ukaja ukanibebea kandambili. Nilirudi peku kwenye matope."

Akaniuliza kwa nini sikumuuliza waziwazi kama mkwe wake anaweza kuimba. Nikasema nilimuuliza, kwa mfano, mke wa rafiki yangu. Akafikiri. Akasema yule bado arudishwe kwao.

Nikamweleza Atuganile habari za kandambili. Alikaa chini palepale jikoni, mwiko mkononi. Machozi yakamtoka. Kisha akaniuliza kama nimemaliza kusema yote ninayomficha. Nikasema yote. Akasema umeneja umekwisha kuanzia leo, atajisimamia mwenyewe. Kuhusu kuwa mume, bado anatafakari.

Alhamisi, 28 Agosti

Mke wangu ni mtu mkubwa. Kuna aliyerekodi video ya wazee wanne waliogeuza viti, imezunguka nchi nzima. Wimbo wa sita unapigwa redioni, stendi, saluni, hata kwenye mzani wa parachichi kuna kijana anauimba vibaya. Wamepiga simu kutoka Iringa. Wamepiga kutoka Dodoma. Dar wamemwalika jukwaa kubwa, na wote wanauliza swali moja: wazee watakuja?

Ipo video nyingine, fupi zaidi, ya mimi. Watoto wa Masoko nikipita wanafungua midomo bila kutoa sauti.

Nimepewa kazi ya kubeba mkoba. Nabeba vizuri. Na jana niliwekewa firigisi tena, bila hotuba, ikapita kooni bila shida.

Baba sasa ana kigoda chake nyuma ya jiko. Anakaa ameipa nyumba mgongo, kandambili miguuni, anakohoa mapema ili ajulikane. Atuganile hanyamazi tena. Anaongeza sauti. Hawajasemezana hata neno moja, wala hawatasemezana, na sijapata kuona watu wawili wanaoelewana kama hao.

Jumapili, 7 Septemba

Wamekwenda Dar. Atuganile, mtoto, mama yangu wa kumshika mtoto, Hasheem, Baba na wazee wake watatu. Baba kiti cha mbele ya basi, Atuganile kiti cha nyuma kabisa, kila mtu na heshima yake. Mimi nimeachiwa ng'ombe. Amezaa leo asubuhi, ndama jike. Septemba, kama Baba alivyosema.

Nimekaa zizini nikatafakari maisha yangu. Nimeelewa. Shida yote niliitengeneza mimi. Neno moja la wazi kwa Baba, na mke wangu asingemenya ndizi zile zote kwa majonzi. Hasheem alikuwa sahihi, na nimeandika sentensi hii bila kulazimishwa na mtu. Kuanzia leo sizunguki. Nasema wazi.

Nilikuwa bado naapa ndipo wazo likaingia. Wazee wa kugeuza viti! Kila mwimbaji nchini atawataka. Maharusi watawataka. Wazee wa namna ile huku Rungwe wamejaa, kinachokosekana ni meneja. Kadi zile za zamani zimebaki nyingi, nitafuta tu "Kimataifa" niandike "Wazee". Safari hii kalamu nimenunua mbili.

Kinachotakiwa ni ruhusa ya Baba tu. Nimempigia sasa hivi. Si moja kwa moja, bila shaka. Nimemwambia nina rafiki yangu mmoja ambaye ana baba mzee, na huyo mzee ana kiti. Baba kauliza huyo mzee yukoje. Nimeanza kunogesha kidogo.