Nilivyogeuka Sodiamu

Jumatatu, 9 Juni 2025. Mafinga.

Baridi ya kung'ata. Gundi imeganda koponi, nusura na mimi. Nimemaliza kazi ya mjukuu wangu Eveline, anayesoma chuo Mbeya. Siyo kitanda, siyo jeneza. Kioo! Kioo cha mbao za paini: vipira mia moja na kumi vilivyoungwa kwa vijiti. Anasema ndivyo kioo kilivyo ndani ukikitazama kwa jicho la Mungu. Na hiki ni cha kuunga mifupa: daktari anakiweka palipovunjika, kinayeyuka polepole, mfupa unakishika na kuota. Mimi niliishia darasa la nne. Kioo ninachokijua ni cha kunyolea ndevu. Lakini mchoro nimeufuata. Nimemtumia picha. Amejibu kwamba ndicho chenyewe, na kwamba ananipenda. Nimesoma mara tatu.

Mara ya kwanza walimu wake walimrudisha, hawakuelewa anachosema. Ijumaa ni nafasi ya mwisho. Asipoeleweka, anarudia mwaka.

Jumanne, 10 Juni.

Yotamu amekuja. Mtani wangu, fundi vitanda wa ng'ambo ya barabara, mtu ambaye milango yake hujifungua yenyewe kwa heshima ya upepo. Amekizunguka kioo mikono nyuma kama mkaguzi. Akauliza mbona vijiti vingi vimeishia hewani. Akauliza mbona kipira chekundu kinaning'inia kwa uzi, hakijaungwa na mwenzake yeyote. Akanipa pole ya uzee! Akasema Mbeya wakiiona kazi hii watajua Mafinga mafundi wamekwisha.

Nimemwambia mchoro ndivyo unavyotaka. Amecheka mpaka amekalia randa yangu. Hapo nimefarijika kidogo.

Jioni nimeacha ugali, nimerudi kuvihesabu vijiti vya hewani.

Jumatano, 11 Juni.

Mpango! Mtoto amekosea mchoro, basi. Babu hatamwaibisha, atamsaidia kimya kimya. Nimechonga vijiti thelathini na saba. Kila kilichokuwa hewani nimekiunga na jirani yake, kwa gundi ile ya majeneza. Nimekiangusha kujaribu: sakafu imeumia. Chekundu tu ndicho kimebaki kwenye uzi wake, vijiti vimeisha. Yotamu amepita, ametazama, akasema baridi imezidi. Ushindi!

Alhamisi, 12 Juni. Iyunga, Mbeya.

Nimesafiri na kioo magotini, kimefungwa khanga. Abiria wa pembeni ameuliza kama ni mzinga wa nyuki. Nimesema ni mfupa. Amehamia siti nyingine.

Eveline amefungua khanga chumbani kwake. Amekaa chini. Hakulia, na hilo ndilo baya. Akaniuliza kwa upole: Babu, umefanya nini?

Kumbe vijiti vya hewani ndiyo siri yenyewe! Silikoni, mmoja wa vipira hivyo, ana mikono minne. Kwenye kioo cha dirisha mitatu au minne imeshikana na wenzake, ndiyo maana mvua hainyeshi ikaliyeyusha dirisha. Kwenye kioo cha mfupa, sodiamu na kalsiamu wamejipenyeza katikati wakawaachanisha. Kila silikoni amebaki ameshikana na wenzake wawili hivi. Ulegevu huo ndio unaoruhusu maji ya mwili kupita, kioo kiyeyuke, mfupa mpya uote. Mimi nimemchongea dirisha. Mgonjwa akiwekewa hili, mfupa utalitazama tu kama mgeni aliyekataa kuvua viatu.

Tumevuta vijiti nilivyoongeza kwa koleo mpaka nikaanguka nikakalia ndoo. Gundi yangu haiachii. Miaka arobaini nimejisifu kwa hilo. Nimemweleza kwamba kosa ni la Yotamu. Amenipa chai, sukari vijiko vitatu, kama sijakosa kitu. Heri angenifokea.

Ijumaa, 13 Juni.

Asubuhi Eveline ameniuliza kama nimebeba msumeno. Swali gani hilo! Fundi asafiri bila msumeno?

Ukumbini, walimu watano. Mkuu wao, Daktari Shufaa, miwani puani, akataka kujua mzee huyu ni nani. Eveline akajibu bila kupepesa: huyu ni sodiamu.

Akawaonyesha kwanza dirisha. Kisha akanyoosha kidole: hapa. Nikakata. Na hapa. Nikakata. Kwa kila mkato akaeleza nani ameachana na nani, na maji yatapita wapi. Maranda yakamwangukia Daktari Shufaa kwenye karatasi. Hakuyapangusa, alikuwa ameinama anatazama. Mwishowe akaomba msumeno akate kimoja mwenyewe. Amekata upande. Nimemwambia. Akacheka!

Eveline amefaulu! Amenikumbatia mbele za watu na jasho langu lote. Amesema nisingekiharibu, pengine asingeeleweka. Mimi nimesikia: Babu alikuwa sahihi.

Jumamosi, 14 Juni.

Eveline ananiomba nihamie Iyunga. Anasema tangu bibi yake afariki nimebaki peke yangu mno. Nimesema nitafikiria, maana yake hapana. Nani atamwangalia Yotamu?

Ameenda mazoezi ya kwaya, kioo kipo mezani. Jumatatu chuo kinakiweka kabatini wageni wakione. Nimekizunguka mikono nyuma. Kazi safi. Ila kile chekundu, fosforasi, bado kinaning'inia. Jana alieleza vizuri kabisa: huyo hajaungwa na silikoni, amezungukwa tu na sodiamu na kalsiamu, na aachwe hivyo hivyo, maana ndivyo anavyowahi kutoka kwenda kujenga mfupa. Nimesikia. Masikio ninayo. Lakini mtu azungukwe na watu, halafu asishikwe mkono na hata mmoja? Watoto wa siku hizi hawana huruma.

Kijiti kimoja tu. Kifupi. Gundi ya majeneza ilikuwa imebaki kidogo chini ya kopo nililokuja nalo.

Nimekivuta kujaribu. Hakitoki ng'o!