Rimu Nne na Shangazi Mmoja

Gari lilipopunguza mwendo mbele ya duka, Dokta Rimu aliweka chini kikombe chake cha chai akamshukuru Mungu kwa sauti ya wastani. Lilikuwa gari la michezo, jekundu, la milango miwili, safi kama sahani ya mgeni. Lakini Dokta hakutazama rangi. Alitazama ule uwazi kati ya tairi na madigadi, ambao paka mzima angelala humo bila kukunja mkia. Gari halikuwa limeshushwa springi; lilikuwa juu vilevile kama lilivyotoka kiwandani. Na mwenye gari la namna hiyo, kwa uzoefu wa Dokta, ana kidonda moyoni, na kidonda ndicho chakula cha tabibu.

Tuseme ukweli, ingawa haulipi: Dokta hakuwa daktari wa chochote. Udaktari alijitunuku mwenyewe siku aliyochorewa bango la duka. Ukutani mwake zilining'inia rimu nne halisi, nyepesi, za rangi ya shaba, ambazo hazikuwa zake. Aliziazima kwa shemeji yake, kaka wa mkewe, makanika asiyependa maneno mengi, eti kwa ajili ya maonyesho. Stoo kulikuwa na nne nyingine zilizofanana nazo kama mapacha, isipokuwa hizo zilimiminwa na mtu mwenye haraka na zingepinda kwenye shimo la kwanza. Mchezo ulikuwa mwepesi. Mteja anafungiwa zile halisi, anazipenda, analipa. Kisha Dokta anakumbuka kwamba magurudumu hayajasawazishwa, gari linazungushwa nyuma ya duka, na mapacha wanabadilishana zamu. Mteja anaondoka akipunga mkono, maskini, kwa furaha tele.

"Karibu, shemeji!" Dokta, aliyewaita wateja wote hivyo, alimpokea bwana mwenye shati la kitani aliyeshuka garini. Moyoni alikwisha kumbatiza jina: Kitoweo.

"Nataka rimu," Kitoweo alisema. "Ila gari silishushi. Mtaani kwetu matuta ni kama makaburi."

"Nani kakwambia ulishushe?" Dokta alishika kifua. "Kushusha gari ni kumkata mtu miguu ili suruali imtoshe! Ugonjwa si kimo. Ugonjwa ni hizi rimu ulizokuja nazo, zimejificha ndani kama mkwe aliyekosea mlango."

"Niweke kubwa kabisa, basi? Inchi ishirini?"

"Ufanane na mkokoteni? Hapana. Unaongeza inchi moja tu, halafu tairi unalipunguza unene kiasi hichohicho. Gurudumu zima linabaki na kimo chake, hata mshale wa spidi haudanganyi. Kisha unachagua rimu inayotokeza nje hadi ilingane na ukingo wa madigadi. Ilingane, isizidi. Ikizidi, kila tuta litakunyoa tairi."

Ajabu ni kwamba yote hayo yalikuwa kweli. Dokta aliwadharau sana matapeli wasiosomea kazi.

"Na hizi zangu?"

"Chuma chakavu hizo. Niachie, nitakusaidia kuzitupa." Kichwani alikwisha kuwauzia watu wawili. Rimu za kiwandani za gari kama lile zilitafutwa kama dawa.

Basi Dokta akajilaza kando ya jeki mwenyewe, akatoka jasho la halali kwa mara ya kwanza tangu afungue duka. Alipokaza nati ya mwisho na kuinuka, alimkuta Kitoweo kando ya benchi la nje, ameinama kwa heshima mbele ya mama wa makamo aliyepakata kikapu.

"Shikamoo, shangazi. Kaa kivulini, jua kali."

"Marahaba, mwanangu. Mungu akuweke."

Dokta aliguswa. Mtu anayekuja kununua rimu na shangazi yake, alijisemea, huyo ni wa kuibiwa kwa adabu.

Gari likashushwa kutoka kwenye jeki. Bodi haikuteremka hata unywele, lakini magurudumu yalijaa kwenye madigadi, na ule uwazi ukatoweka machoni. Kitoweo alizunguka gari, mkono mdomoni.

"Halitagusa nikibeba abiria?"

"Haligusi."

"Ngoja nipande lile tuta la mbele nirudi. Lisipogusa nachukua na seti ya pili. Mdogo wangu ana gari kama hili."

Seti ya pili! Dokta alimeza mate. Hata hivyo ujanja haukuwa umemtoka. "Na malipo, shemeji?"

"Rimu zangu si hizo hapo?" Kitoweo akageuka. "Shangazi, usiondoke, nakuja sasa hivi."

"Niende wapi, mwanangu? Nipo mpaka wamalize."

Rimu nne za kiwandani na shangazi mzima mzima! Ni benki gani imewahi kupata dhamana kama hiyo? Dokta akakabidhi funguo.

Gari likapanda tuta taratibu, likashuka. Halikugusa. Dokta alisikia fahari ya fundi ikimpanda hadi masikioni. Kisha gari likanyoosha, likapita kona, na mlio wa injini ukawa mwembamba, mwembamba, ukaisha.

Dokta alimpa mama chai. Akampa na ya pili.

"Shangazi, huyu mwanao huwa anachelewa hivi?"

"Mwanangu yupi?"

"Wa gari jekundu."

"Aa, yule! Kijana ana adabu sana yule. Sijui hata ni wa nani."

"Si amekuita shangazi?"

"Na wewe umeniitaje?" mama aliuliza. "Mimi namngoja huyu jirani yako fundi anizibie pancha ya baiskeli."

Dokta akazirukia zile rimu za kiwandani. Akapindua moja, akaikwaruza kwa ufunguo. Rangi ilibanduka, puti ikamwagika kama unga, na chini yake ufa uliochomelewa ukatabasamu kutoka katikati hadi ukingoni. Akakwaruza na nyingine; zote nne vilevile. Dokta aliyajua mambo ya puti, na hata katika msiba huo alijikuta akinong'ona, "Kazi safi."

Alikuwa bado amechuchumaa shemeji yake alipoingia. Makanika alitazama misumari mitupu ukutani.

"Ziko wapi?"

"Zimekwenda majaribio."

"Na nani?"

"Na mteja."

"Anaitwa nani?"

Dokta alifungua mdomo uliolisha nyumba miaka yote. Jina pekee alilokuwa nalo lilikuwa Kitoweo.

Makanika alichukua jeki, akatoka hadi kwenye gari la Dokta mwenyewe, akaanza kulegeza nati.

"Shemeji, tuongee kama ndugu!"

"Ongea," alisema makanika, na spana ikaendelea.

Magurudumu manne yakapakiwa, gari likaachwa limekaa juu ya matofali. Mama akapita akisukuma baiskeli yake iliyozibwa, akasimama, akainama kuchungulia chini ya bodi.

"Hili sasa, mwanangu," alisema kwa huruma, "haligusi popote."