Miezi Kumi na Miwili kwa Siku Moja

Basi lililotarajiwa saa sita mchana liliingia kituoni saa mbili asubuhi. Hata dereva alionekana kushangaa. Abiria walishuka, wakatawanyika, na katikati ya kituo akabaki mama mmoja mnene, miwani ikining'inia shingoni kwa kamba, amebeba kalenda kubwa ya ukutani kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba sinia la vikombe.

Ramani alikuwa amemwona kabla hajaweka mguu chini.

Ramani halikuwa jina lake. Alijipa mwenyewe, baada ya majina mengine matatu kuanza kufahamika polisi. Kazi yake ilikuwa kuwatembeza wageni mjini na kuwatoza kiingilio mahali ambapo hapana mlango. Aliwahi kuwauzia watu watano tiketi za kutazama upepo. Mali yake yote duniani ilikuwa ulimi, na viatu vya rangi mbili, vyeusi na vyeupe, vilivyong'aa kiasi kwamba mtu akishavitazama husahau kuutazama uso wa mwenyewe. Kwa mtu wa kazi hiyo, viatu ndiyo ofisi.

Mama alimsimamisha muuza magazeti, akamfunulia kalenda. Muuza magazeti akatikisa kichwa. Akamsimamisha fundi saa aliyekuwa anafungua kibanda chake. Naye akatikisa kichwa, tena kwa huruma. Ramani akafuta vumbi kwenye kiatu cha kulia, kisha cha kushoto, akaenda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Naona umepotea."

"Sijapotea. Niko kituo cha basi. Ninachopoteza ni muda." Mama alimkagua kuanzia juu hadi chini, akakawia kidogo kwenye viatu. "Nina siku moja tu. Basi la kurudi linaondoka saa kumi na mbili jioni. Nataka kuuona mji."

"Mji upi?"

"Huu." Akafungua kalenda.

Ilikuwa kalenda ya miaka sita iliyopita, zawadi ya kampuni ya rangi za nyumba. Mama akaeleza kwamba kwa miaka hiyo sita imetundikwa ukutani kati ya kitanda chake na cha dada yake mkubwa. Walikuwa wameapa kuja kuziona picha zote kwa macho yao. Sasa miguu ya dada imegoma.

"Kwa hiyo nimekuja kwa niaba ya miguu minne," alisema. "Nikirudi ananisubiri nimsimulie. Mwezi kwa mwezi. Nilimwahidi."

Ramani, aliyeujua mji ule kama alivyoijua mifuko ya watu wengine, alifunua Januari, akafunua Februari, akafunua Machi. Akajua palepale kwamba hakuna hata picha moja iliyopigwa hapa. Mnara ule ulikuwa wa nchi za mbali. Chemchemi ile ilikuwa ya nchi nyingine, mbali zaidi. Maskini huyu mama alikuwa amekesha miaka sita akiutamani mji ambao haupo. Moyo wa Ramani ukajaa furaha safi, ile ya mtu aliyekuta mlango wazi na mwenye nyumba anakoroma.

"Yote haya yapo hapa?" mama aliuliza.

"Yote, mama yangu. Machache tumeyasogeza kidogo."

Desemba ilikuwa imekunjwa na kubanwa kwa pini.

"Na hii?"

"Hiyo hufunguliwa ikifika zamu yake. Ndivyo tulivyozoea na dada."

"Haidhuru. Nayo nitakuonyesha. Naapa."

Mama akaingiza mkono kifuani, akatoa bahasha nene. "Bonyeza," alisema. Ramani akabonyeza. Ilijibu kama pesa. "Miezi kumi na miwili, bahasha ni yako. Miezi kumi na mmoja, nitakushukuru kwa matembezi. Na kila mwezi utatia sahihi pembeni ya picha. Nimetunza stoo ya hospitali miaka thelathini na mmoja, na hata bandeji haikuwahi kutoka bila sahihi."

Wakaanza.

Januari, mnara wa saa, ilikuwa posta, ambayo saa yake ilipoteza mishale zamani.

"Kwenye picha ina mishale," mama alisema.

"Imepelekwa kusuguliwa. Chumvi ya bahari, mama."

"Sasa watu wanajuaje saa?"

"Ndiyo raha ya mji huu. Hakuna anayechelewa."

Mama akainamisha kichwa kwa heshima. Ramani akatia sahihi, mkorogo fulani ambao hata yeye asingeweza kuurudia.

Februari, jumba la makumbusho lenye simba wawili wa mawe, ilikuwa duka la samani lenye simba wawili wa plasta mlangoni. Mmoja hakuwa na pua. Mama akavaa miwani, akasoma karatasi iliyoning'inia kwenye sikio la huyo mwingine.

"Mwanangu, makumbusho yanauza simba?"

"Hiyo si bei, mama. Ni umri wake."

"Na punguzo la asilimia kumi?"

"Alizaliwa njiti."

Machi ndiyo iliyoanza kumgharimu. Picha ilikuwa ya chemchemi kubwa, maji yakiruka angani kama manyoya. Ramani akampeleka mama kwenye uwanja wa waosha magari, akamketisha juu ya ndoo, akaenda kunong'ona. Waosha magari wawili walimsikiliza, wakatajiana bei, na Ramani akalipa kutoka mfukoni mwake mwenyewe, jambo ambalo mkono wake ulilifanya kwa shida, kama mtu anayeandika kwa mkono wa kushoto. Kisha mipira miwili ya maji ikaelekezwa juu, ikapishana hewani, na jua likatia upinde wa rangi katikati. Ilikuwa chemchemi kweli. Ilidumu mpaka mwenye gari jeupe aliporudi na kukuta madirisha yake yako wazi.

"Kelele hizo ni sehemu ya maonyesho?" mama aliuliza wakiondoka kwa haraka.

"Kila siku saa nne, mama."

Daraja la chuma la Aprili likawa daraja la waenda kwa miguu juu ya barabara kuu. Bustani ya Mei ikawa miche ya muuza maua kando ya taa za barabarani, ambaye alitaka alipwe kwa kila ua litakalonuswa. Juni ilikuwa reli iendayo angani. Ramani alimpandisha mama lifti ya jengo la ofisi mara nne, juu na chini, mpaka mhasibu mmoja akauliza kama wanahitaji msaada. Mwezi wa Saba na wa Tisa tusiizungumze. Zilihusika ngazi nyingi, na pia mbuzi.

Lakini Agosti lazima isimuliwe. Picha ilikuwa ya askari wa ikulu wakipiga gwaride. Ramani alimwendea mlinzi wa benki, mzee mwenye rungu, akamtia kitu mkononi. Kwa miaka tisa hakuna mtu aliyewahi kumwomba mlinzi yule chochote zaidi ya kusogea pembeni. Sasa akavuta kofia, akakaza kifua, akapiga mguu chini hadi kioo cha benki kikatetemeka. Akaenda mbele, akageuka nyuma, akamsalimu mama kwa rungu. Mama akasimama wima, akapokea saluti. Gwaride lilipokwisha mlinzi alikuwa na machozi machoni. Pesa, hata hivyo, hakurudisha.

"Umeona uso wake?" mama aliuliza.

"Nimeona," alisema Ramani, na kwa mara ya kwanza siku ile hakuwa anadanganya.

Oktoba ilikuwa ukumbi wa waimbaji wakubwa, mwanamke wa gauni jekundu amefungua kinywa. Ramani akampeleka mama kwenye ukumbi wa mnada, wakakaa nyuma. Jukwaani dalali alikuwa anapaza sauti, mikono juu, mishipa ya shingo imemtoka.

"Anaimba vizuri," mama alinong'ona. "Anaimba habari gani?"

"Mapenzi. Na friji."

Dalali akapandisha sauti, akapandisha tena, akafika kilele, akanyamaza ghafla akiwa amenyoosha nyundo. Mama, aliyejua adabu za ukumbini, akainua mikono yote miwili apige makofi.

"Imekwenda kwa mama wa nyuma!" dalali akagonga nyundo.

"Bado anaimba?" mama aliuliza.

"Hapana, mama. Sasa tunakimbia."

Viatu vya rangi mbili viliruka viti, vikaruka godoro, vikapita katikati ya kabati lisilo na mgongo. Mama alifuata na kalenda kichwani, akicheka kwa sauti iliyosikika mitaa miwili. Walipopumzika chini ya ukuta, alimnyooshea kalamu. "Sahihi," alisema akihema.

Novemba ilikuwa bahari, na bahari haikuhitaji uongo wowote. Mama alivua ndala, akaingia mpaka magotini. Kisha akachota maji kwa kiganja, akayaonja, akatema.

"Dada alibisha," alisema. "Alisema hayawezi kuwa na chumvi kiasi hicho."

Ramani alitazama jua. Saa kumi na moja. Mfukoni alibaki na sarafu zisizotosha hata soda, lakini bahasha ilikuwa karibu. "Desemba, mama. Fungua."

Mama akatoa pini, akakunjua.

Ilikuwa theluji. Theluji juu ya paa, theluji juu ya miti, theluji barabarani, na nyingine hewani ikiendelea kuanguka. Jasho lilimdondoka Ramani kutoka puani hadi juu ya picha.

"Mama, hii..."

"Uliapa."

"Mama, hapa joto mpaka watu wanapepea mbuzi! Hizi picha si za mji huu! Si hii wala zile nyingine!"

"Najua," alisema mama.

Akamwonyesha kwa kidole chini kabisa ya ukurasa, pale ambapo kutwa nzima alikuwa ameshikilia kwa dole gumba. Herufi zilikuwa ndogo kama mayai ya chawa: *Picha za miji mbalimbali duniani.*

"Mtunza stoo husoma maandishi madogo kwanza," alisema. "Na nikuondolee shida ya bahasha. Ni kadi za stoo. Pesa niliyo nayo ni nauli."

Ramani alikaa mchangani. Aliyewauzia watu upepo alikuwa amenunua, kwa pesa zake, chemchemi na gwaride zima.

"Kwa nini mimi, mama? Nilikukosea nini?"

"Hukunikosea. Asubuhi niliwauliza wawili kabla yako. Wote walisema, mama, hivi vitu havipo hapa. Watu waaminifu, Mungu awabariki, na hawakunipeleka popote. Nikaona viatu vyako. Nikasema, huyu ni mwongo, na mwongo hujituma." Akajifunga kanga vizuri. "Dada hajui kusoma maandishi madogo. Nilitaka nimpelekee kitu cha kusimulia, na umenipa miezi kumi na mmoja. Hiyo Desemba nitaitunga njiani. Asante, mwanangu. Hii si kejeli."

Akaanza kupanda kuelekea kituoni, ndala mkononi, nyayo zake zikijaa maji nyuma yake.

Ramani alikuwa huru kuondoka. Alijiambia hivyo mara mbili. Tena alikuwa ametapeliwa, na mtu aliyetapeliwa hana deni la kiapo. Sheria hiyo aliitunga mwenyewe hapo hapo na aliiona nzuri. Tatizo ni kwamba alikuwa anamwona yule mwingine, mwenye miguu iliyogoma, akisikiliza Januari, Februari, mlinzi, friji, chumvi, halafu akifikia Desemba na kupewa uongo wa mtu asiye na uzoefu.

"Mama!" alipiga kelele. "Dakika ishirini!"

Soko la samaki lilikuwa hatua mia mbili kutoka pale. Nyuma yake palikuwa na mashine ya kusaga barafu, yenye bomba nene linalotema barafu iliyosagika ndani ya masanduku. Mwenye mashine, mwanamke aliyevaa buti za mpira, alimsikiliza Ramani hadi mwisho.

"Unataka nigeuze bomba juu."

"Juu kabisa."

"Nimwage barafu hewani."

"Dakika moja tu, dada."

"Malipo kwanza, kaka."

Ramani akafungua kinywa. Ulimi ulikuwa tayari, una hadithi tatu, zote nzuri. Akakifunga kinywa. Akainama, akafungua kamba.

Mwanamke aligeuzageuza viatu, akaviinua kwenye mwanga. "Mume wangu anavaa namba hii hii," alisema, na akavuta mkono wa mashine.

Ikaanza kama mchanga mweupe, kisha ikapanda, ikatawanyika juu, ikashuka polepole ikimeremeta kwenye jua la jioni. Ilimwangukia mama kwenye kitambaa cha kichwa, mabegani, ndani ya miwani. Wachuuzi waliacha visu hewani. Mama alitoa ulimi kama mtoto.

"Inanuka samaki," alisema.

"Ndivyo inavyonuka ya hapa kwetu, mama."

"Basi dada ataamini." Akatazama miguu ya Ramani, mitupu, imezama kwenye barafu. Alifunua Desemba, akakung'uta matone, akamnyooshea kalamu.

Ramani alishika kalamu. Kisha, kwa herufi za shule ya msingi, akaandika jina lake la kweli, lile ambalo mama yake tu ndiye aliyelitumia.

Alimbebea kalenda mpaka mlangoni mwa basi. Lilipoondoka alipunga mkono hadi vumbi likatua, halafu akarudi mjini akirukaruka kutoka kivuli hadi kivuli, kwa sababu lami ilikuwa bado ya moto.