Habari ya Tumbo: Nzuri

Jumatatu, 2 Juni 2025

Kliniki ya tumbo, Mbinga mjini. Sista Restituta ametuunganisha na huduma ya simu. Kila siku saa moja asubuhi utaingia ujumbe: habari ya tumbo leo? Likiwa zuri unajibu 1. Likiuma, 2. Ukitapika damu, au choo kikiwa cheusi kama lami, 3. Amekataza kahawa, pilipili, pombe ya komoni na vidonge vya maumivu vya dukani. Mimi ni mkulima wa kahawa. Nimemwambia nimeelewa.

Kasema pia kwamba Jumatatu ijayo atatangaza mwenyekiti wa wagonjwa wa kijijini kwetu Mkumbi, yule atakayejibu bila kukosa. Atapewa fulana. Atazungumza mbele ya mganga mkuu wa wilaya. Nimeanza kutunga hotuba nikiwa juu ya bodaboda.

Jumatano, 4 Juni

Nimejibu 1 siku mbili mfululizo. Tumbo linawaka, lakini mtu anakuuliza habari ya asubuhi, utaanzaje na mabaya? Hata penye msiba tunasema nzuri kwanza.

Mpinzani wangu ni Tadei, jirani. Mwaka jana alikatwa sehemu ya tumbo kwa ajili ya saratani. Tangu hapo parokia nzima inamwombea, na Sista humpigia mwenyewe kila Ijumaa. Mimi nina vidonda vya tumbo mwaka wa tisa, sijaombewa hata mara moja. Tadei naye anajibu 1 kila siku. Najua kwa sababu simu yake anaichaji kwangu, kwenye sola. Ni kisimu cha kitochi. Hakina namba ya siri.

Mgongo unauma kwa kuchuma kahawa. Nimemeza vidonge viwili vya dukani. Mke wangu Ephrasia kauliza natafuna nini. Nimesema peremende.

Alhamisi, 5 Juni

Nimepata njia. Simu ya Tadei ililala kwangu. Saa moja ujumbe ukaingia. Nikamjibia: 3. Kisha nikaufuta ujumbe asiuone. Doa moja tu, simtakii mabaya. Ila mwenyekiti hawezi kuwa mtu wa choo cheusi. Nimejipongeza kwa kikombe cha kahawa.

Saa tatu Sista akapiga kwenye simu ile. Sikupokea. Akapiga tena. Nikaipeleka kwa Tadei, nikaiweka mlangoni, nikaondoka kwa heshima zote.

Saa tano bodaboda ikapanda kilima, nyuma kakaa Wilfred, mhudumu wa afya wa kijiji. Tadei akasema hajambo kabisa, arudi tu. Akasimama kumsindikiza. Akaanguka hapohapo kwenye kichanja cha kuanikia kahawa. Wamempakia katikati, kichwa kinaning'inia begani kwa Wilfred.

Nimeogopa. Naandika wazi, nimeogopa sana. Vidonge viwili tena.

Jumamosi, 7 Juni

Tadei yuko hai. Kumbe choo chake kilikuwa cheusi kweli, tangu Jumapili iliyopita. Ameongezewa damu chupa tatu. Daktari kasema angechelewa siku moja tungekuwa tunachimba kaburi. Sista alimuuliza kwa nini siku zote hizo alijibu 1. Akasema mtu mzima haulizwi habari akaanza na choo. Hapo nakubaliana naye.

Mkewe, Kunigunda, kaja kuuliza nani aliyetuma ile 3, maana simu ilikuwa kwangu. Nilikuwa tayari kukana. Lakini alikuwa amebeba jogoo. Nikasema ni mimi. Nilimwona mwenzangu amepauka, moyo ukakataa. Akalia. Nami nikalia kidogo, sijui kwa nini. Ephrasia hakulia. Alikuwa ananitazama.

Jumapili, 8 Juni

Padri amenitaja kwa jina madhabahuni. Hamphrey, jirani wa kweli. Nilipata kizunguzungu, nadhani ni kwa kupiga magoti muda mrefu.

Sista kanipigia mwenyewe. Dakika nne nzima. Mwenyekiti ni mimi, anatangaza kesho, fulana ipo tayari. Akauliza, na wewe habari ya tumbo? Nikasema nzuri tu.

Tumemla jogoo. Nimeongeza pilipili kwenye sahani yangu. Ephrasia kauliza kwa nini tangu jana nikitoka chooni namwaga majivu. Nimemjibu ni usafi. Ukweli choo changu ni cheusi. Itakuwa mboga za majani.

Jumatatu, 9 Juni

Saa moja, ujumbe. Mikono ya baridi, kichwa chepesi. Lakini siku yenyewe ndiyo leo, huwezi kuchafua rekodi dakika ya mwisho. Nimejibu 1.

Ephrasia kaniomba simu, eti ampigie dada yake Eliza. Nimempa. Amekwenda kuongelea nyuma ya nyumba. Eliza mwenyewe yuko jikoni kwetu tangu jana, anachambua maharage. Wanawake hawa.

Saa nne. Nimelala mkekani uani, narudia hotuba. Nimefika pale ninapowaasa wagonjwa wawe wakweli.

Bodaboda inapanda kilima. Wilfred kakaa nyuma. Sijui ni nani tena anaficha ugonjwa hapa kijijini. Watu wa huku hawafundishiki.