Banda la Vioo Kando ya Singidani

Jumatatu, 4 Julai 1994
Eliana kakohoa mpaka alfajiri. Nikamvalisha sweta mbili za mitumba, tukatoka kutembea njia ya kandokando ya ziwa. Upepo wa Singidani hauna adabu. Tukajibanza kwenye banda la vioo la mji, mnamooteshwa miche. Joto kama jikoni. Mtoto kalala papo hapo. Na mimi pia, nimesimama.
Msimamizi, Mzee Gaspari, anasema wafanyakazi wamepunguzwa. Anatafuta vibarua wawili: mmoja kumwagilia ndani, mmoja kufagia njia ya ziwani. Ya ndani ni yangu. Nimeshaamua.

Jumanne, 5 Julai
Dorika wa Mandewa naye kaomba ya ndani. Hana hata mtoto, joto la nini? Nimempa mzee shikamoo mbili na uji wa ulezi. Dorika kampelekea asali. Mzee ananawiri, uamuzi hauji.

Jumatano, 6 Julai
Nimepata njia. Kwetu Mungaa inajulikana: mjamzito akikatiza shamba la maboga, maboga hupukutika machanga. Nimemnong'oneza mzee kwamba Dorika ana mimba, asije akamharibia miche. Uhakika sina, lakini nani atamkagua? Mzee kaniuliza, kwani mwanangu hapa unaona boga? Hii ni mikaratusi. Ila kanishukuru sana kwa kumwambia.
Nimejilaza na furaha. Eliana hakulala.

Ijumaa, 8 Julai
Mzee katangaza. Dorika ndani. Kasema mwenye mimba hawezi kuachwa apigwe upepo na vumbi, hata yeye ana mabinti. Kamtafutia na kigoda. Mimi nina nguvu zangu, nifagie.
Dorika kanifuata kwenye ufagio. Kasema ahsante mama Eliana kwa kunisemea, mwezi wa tatu huu nilikuwa naona haya kumwambia mzee. Kumbe kweli. Nimetunga uongo, umegeuka habari njema.
Nikafagia manyoya ya ndege wa ziwani. Upepo ukayarudisha. Nikafagia tena. Mgongoni mtoto anakohoa. Dorika akaomba amlaze ndani. Nikampa, mtoto hana ugomvi na mtu. Kalala mpaka jioni, katoka mashavu mekundu, hakohoi. Dorika kasema nimlete kila siku.
Nimemshukuru. Lakini kile kigoda hakinitoki kichwani.

Jumamosi, 9 Julai
Hii sasa haina kasoro. Jumatatu namwambia mzee kwamba na mimi ni mjamzito. Mwenyewe kaonyesha anavyotuhurumia. Nimeshaanza kutembea nimeshika kiuno, na bombani leo wamenipisha kwenye foleni huku wakitazamana. Ushahidi kwamba inaaminika. Na hakuna wa kunikanusha: Nathan, mume wangu, yuko Itigi kwenye kazi ya reli, hajakanyaga nyumbani tangu mavuno ya mwaka jana.