Mandhari Kumi na Mbili na Ukungu Mmoja

Jumapili, tarehe 1 Desemba

Mwaka wangu wa safari umetimia. Niliuomba siku ile mjomba aliponikuta na shahada yangu ingali ndani ya bahasha. Nilimwambia kwamba nikiachwa mwaka mmoja nizunguke na kamera, nitarudi na mandhari zitakazoutikisa mji. Leo baada ya chakula amenikumbusha. Kasema, "Haya, mpwa wangu. Mji mbona umetulia?" Nikajibu kwamba sanaa haina haraka. Akasema duka lake la vifaa vya ujenzi linayo: anahitaji mtu wa kupanga misumari kuanzia Jumatatu ijayo.

Tumebishana hadi chai ikapoa. Hatimaye tumewekeana sharti. Jumamosi nifanye maonyesho katika ghala lake la saruji, ambalo wiki hii ni tupu. Akitokea mtu mmoja tu asiye ndugu yetu akasema anataka picha, napata mwaka wa pili. Asipotokea, misumari. Mama ni shahidi. Nimesisitiza maneno yabaki hayohayo: "anataka picha." Msomi huanza kwa kufafanua istilahi.

Jumatatu, tarehe 2 Desemba

Nimepitia kazi ya mwaka mzima. Nahitaji picha kumi na mbili, moja kwa kila mwezi. Nzuri ni nne. Januari niliumwa. Machi na Aprili, mvua. Juni nilipanda basi kuufuata mlima mashuhuri, nikasinzia. Nilipozinduka, mlima ulikuwa nyuma yetu. Ninacho kisogo chake. Agosti nilisahau kutoa kifuniko cha lenzi. Agosti nzima ni nyeusi. Nimechagua nyeusi iliyo bora na kuiita "Kabla ya Mwezi Kuandama."

Kilima kilicho nyuma ya nyumba ya bibi kilitoka vizuri. Kitatumika mara tatu: kutoka mashariki, kutoka magharibi, na mara ya tatu nimekigeuza kushoto kuwa kulia. Nimekipa majina matatu yenye uzito. Dada akapita nyuma yangu, akauliza mbona shati la mjomba limeanikwa kwenye milima yote mitatu. Nimemjibu kwamba ile ni bendera ya wenyeji. Dada ni mshonaji. Anatazama kila kitu kama mtu anayetafuta uzi uliofumuka.

Picha kuu ni ya maporomoko ya maji. Niliparamia mawe yenye utelezi hadi suruali ikanisaliti. Kwenye kona ya chini umeingia ukungu wa rangi ya shaba, laini, wa ajabu. Dada kasema huo si ukungu, ni kidole gumba changu. Nimemweleza tofauti iliyopo baina ya kuona na kutazama. Akasema ukungu wangu una kucha.

Jumatano, tarehe 4 Desemba

Tangazo liko tayari: MAONYESHO YA MANDHARI. MPYA, KUMI NA MBILI. KARIBUNI NYOTE. La kwanza nimelibandika mlangoni pa studio ya Tabasamu, kwa makusudi.

Tabasamu nilisoma naye. Alikuwa akinakili insha zangu, pamoja na makosa. Leo anapiga picha za pasipoti, anavaa miwani ya jua ndani ya nyumba, na jina amelipata kwa neno analowaamrisha wateja. Nyuma ya benchi lake limetundikwa pazia lililochorwa ngazi na bata wawili. Limefifia hadi bata mmoja amebaki shingo. Mbele ya shingo hiyo ndipo mji mzima umepigwa picha za harusi na za kuhitimu. Nami nimo. Mama alinipeleka.

Kalisoma tangazo polepole. Akauliza, "Mandhari kumi na mbili? Na zote mpya?" Nikamwambia mpya kabisa. Akauliza ukubwa. Nikasema kumpita mtu, tena kwenye kitambaa cha mabango, kwa kuwa ukuu wa ardhi haukai kwenye karatasi. Akauliza kama watu wanaweza kuja na nguo za kubadilisha.

Nimelitafakari swali hilo njia nzima. Wivu humvuruga mtu akili.

Ijumaa, tarehe 6 Desemba

Nimetundika. Niliwahi kusoma kwamba mstari wa upeo sharti ulingane na macho ya mtazamaji. Kwa hiyo picha zangu zinagusa sakafu. Mjomba kashauri zipandishwe kidogo, kwani hivi zinafanana na mapazia. Nimemwonea huruma. Mama akafagia saruji, ikatua juu ya milima kama theluji. Nimeiacha.

Jumamosi, tarehe 7 Desemba

Asubuhi na mapema hakuna mtu. Mjomba kakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, penseli sikioni. Nyingine kaishika mkononi. Sikuuliza ni ya nani.

Saa nne wakaja. Wengi! Familia nzima yenye sare, nesi na mapacha wake, bibi harusi na shela, timu ya mpira na kombe lao. Moyo ukanijaa. Nikaanza kuwafafanulia Januari. Baba wa ile familia akanigusa bega kwa adabu: "Samahani, kaka, umesimama kwenye picha." Nikageuka. Tabasamu alikuwa anaingia na kamera, taa mbili na benchi.

Ndipo nilipoelewa. Katika mji huu mandhari ni kitu unachokipa mgongo ili upigwe picha.

Lakini ghala zima lilikuwa linasema, "Nataka picha, na mimi nataka picha!" Nikamkimbilia mjomba. Maneno ni yaleyale. Akasema wanataka picha zao. Nikamwonyesha kwamba katika Kiswahili "picha yangu" ni ya aliyeipiga, ni ya anayeimiliki, na ni ya anayeonekana humo. Lugha yenyewe ni wakili wangu. Mama akasema hoja ni nzuri, ila nimletee mtu mmoja anayetaka picha isiyo na mtu ndani.

Akatokea. Fundi saa wa mtaa wa pili, mzee asiye na mazoea na yeyote. Alisimama peke yake mbele ya maporomoko, mikono nyuma, muda mrefu. Mjomba akaacha kutafuna karanga zake. Mzee akasema anataka kuitundika hii juu ya meza yake ya kazi, asikilize maji. Akauliza jambo moja tu: "Hiki kidole kinaweza kutolewa, kijana?"

Mama akanikonyeza. Dada akanifinya. Tabasamu mwenyewe, kutoka nyuma ya taa, akasema kwa kunong'ona, "Sema ndiyo, ndugu yangu."

Nilimweleza mzee kwamba ni ukungu. Akasema anavyo vidole kumi na anavifahamu. Nikamweleza habari ya unyevu na mwanga wa alfajiri. Akanionyesha kucha. Nikamuuliza amesomea wapi habari za ukungu. Akavaa kofia yake, akaniaga vizuri, akaondoka.

Mjomba alicheka hadi saruji ikatimka. Kisha akanikabidhi penseli.

Jumatatu, tarehe 9 Desemba

Misumari. Nimemweleza mteja kwamba "inchi nne" ni jina la kikoloni la kipimo. Kaenda duka la jirani.

Mchana mjomba akataka picha yangu kwa ajili ya kitambulisho cha kazi. Akanituma kwa Tabasamu. Bata wameshushwa. Nyuma ya benchi yanamwagika maporomoko yangu, ambayo dada amemwazima bila kuniuliza. Kila mteja huketishwa kushoto kidogo ili kichwa kizibe ile kona. Nami akaniambia nisogee kushoto, kidole kifichike.

Nilimwambia ni ukungu, na sisogei. Tumebishana hadi foleni ikafika barabarani. Mwishowe akakata tamaa, akasema tabasamu, akapiga.

Kwenye kitambulisho, kidole gumba kinanitoka sikioni. Dada kalia kwa kicheko. Mjomba kataka nirudie picha. Nimekataa. Hakuna picha ya mwaka huu iliyotoka vizuri kama hii. Ukungu unaonekana hadi kucha.