Gari Langu Lina Nini?

Jumatatu, 2 Juni
Wa mwisho tena! Tisa kati ya tisa. Shemeji, kaka wa mke wangu, wa kwanza. Anajidai ni kipaji. Kipaji gani? Ni gari! Mwenyekiti wa klabu ya mbio za magari kanionya: nikiburuza mkia Jumapili hii, namba yangu ya mbio anapewa mwingine. Mke wangu kauliza kama ile kona niliyoikosa mara nne nayo ni kosa la gari. Hajui uhandisi.

Jumanne, 3 Juni
Nimepata dawa! Lazima dereva atenganishwe na gari. Mtu mmoja aendeshe magari yote mawili. Awe hajui lolote la mashindano, ili tofauti yote iwe ya magari. Nimemteua mama mkwe. Miaka thelathini anasambaza mikate kwa gari la duka. Kakubali, kwa sharti nisimsemeshe akiwa kwenye usukani.

Alhamisi, 5 Juni
Uwanjani. Fundi wa klabu kashika saa. Mama mkwe kwa gari la shemeji: mzunguko mmoja, sekunde sabini na mbili. Kwa gari langu: sabini na tatu. Kisha mimi kwa gari langu: tisini. Fundi kaitikisa saa, kaisogeza sikioni. Nikamweleza habari za upepo. Akasema majani hayatikisiki. Mjuaji!

Ijumaa, 6 Juni
Nimeendesha gari la shemeji. Tisini na moja! Furaha isiyo kifani: gari lake ni bovu kuliko langu! Nimemtangazia mbele ya watu. Hakubisha. Kaingia kwenye gari langu, karudi kwa sekunde sabini na moja, kaniuliza kama kuna chai. Fundi kaniita pembeni. Kwa upole akasema magari tumeyabadilisha, madereva tumewabadilisha, kilichobaki ni mimi. Nimemwambia akague kiti.

Jumapili, 8 Juni
Kiti hakina kosa. Mwenyekiti kaona zile sekunde fundi alizoziandika ubaoni. Namba yangu kapewa mama mkwe! Na gari langu! Kamaliza wa pili, nyuma ya mwanawe, huku akiwasha taa ya ishara kila kona. Watu wamemshangilia wima. Mimi nilipewa kitambaa cha kufutia kioo. Nilijikaza, lakini macho yaliniuma. Vumbi.

Jumatatu, 9 Juni
Mama mkwe kapita asubuhi na gari la mikate. Kasema, “Baba, panda. Tatizo lako dogo tu, unakanyaga breki ukiwa umeshachelewa. Siku tatu utakuwa umeshika.” Sauti ya huruma kabisa. Nikamshukuru, nikakataa. Usiku wa jana nilikesha nikitafakari na kosa nimeliona: kipimo kilikuwa kibovu. Mama anajua kuendesha! Jaribio lirudiwe na mtu asiyejua kabisa. Nimemuuliza fundi kama anamfahamu mtu wa namna hiyo. Kasema anamfahamu vizuri sana. Nimembembeleza mchana kutwa anitajie jina. Kakataa katakata.